Sauti ya Bibi Agathe Kabla ya Theluji

Kompyuta zote nne za Ofisi ya Lugha ziliwaka rangi nyekundu kwa mpigo mmoja, na kila moja ikaandika maneno yale yale kwa herufi kubwa: DELPHINE ANAJARIBU KUNAKILI SAUTI YA BIBI AGATHE. AMEZUIWA.

Delphine mwenyewe alikuwa ameketi mbele ya mojawapo, flashi imechomekwa ubavuni mwa mashine, kidole bado kiko juu ya kitufe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ni yeye aliyetaka mtego ule utegwe, ni yeye aliyesema, "Isizuie tu, itaje na jina, mwizi aone haya." Sasa jina lilikuwa limetajwa, na haya zilikuwa zinampanda kutoka shingoni kwenda masikioni.

Kwenye meza ya pili binamu yake Wendell aliweka kijiko chini. Alikuwa anakunywa supu ya mchele wa ziwani, mchele mpya wa mwaka ule, bado una harufu ya moshi.

"Binamu," akasema, "mwizi tumempata. Kafanana na wewe mpaka sweta."

"Izime hiyo."

"Haizimiki. Ulisema isizimike."

Wendell ndiye aliyeiunda. Asubuhi alikuwa fundi wa kompyuta wa ofisi, jioni alikuwa dereva wa ile mashine kubwa inayolainisha barafu kwenye uwanja wa hoki. Kijiji kile cha Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, kilikuwa na watu wachache na kazi nyingi, kila mtu alivaa kofia mbili.

Kwenye meza ya tatu alikaa Mama Mdogo Philomene, mdogo wake mama yake Delphine, ambaye huja pale kusahihisha maneno ambayo vijana wanayapinda. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa, akasoma skrini yake tena taratibu.

"Delphine," akasema. "Mashine yangu inakusingizia, au inasema kweli?"

Delphine alichomoa flashi akaifumba kiganjani kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Mambo haya yalikuwa na mwanzo wake. Nyaya za zile kompyuta nne zilipita chini ya zulia mpaka kwenye stoo ya mifagio, na mle stooni, juu ya rafu, lilikaa sanduku jeusi lisilozidi ukubwa wa tofali. Ndani ya sanduku hilo walikuwamo wazee wa ziwa lile, wengi wao wameshazikwa, wakihadithia. Sauti tu, lakini sauti nzima, na kikohozi chake. Delphine alikuwa mlinzi wa sanduku, na miaka yote hiyo hakuwahi kupita mbele ya mlango wa stoo bila kupunguza mwendo.

Zamani halikuwa na kufuli. Akaja mgeni mmoja, mtu wa tabasamu na viatu safi, akapewa kahawa, akapewa kiti na kompyuta. Kule mgeni haulizwi mkono wake unaingia wapi. Akaondoka na flashi mfukoni, na mwezi wa Julai uliofuata Bibi Agathe akasikika duniani kote, kwenye simu ya kila mtu, akihadithia hadithi ya majira ya baridi huku mbu wanauma na vyura wanalia.

Hadithi zile hazisemwi kiangazi. Husemwa theluji ikishalala chini, wakati nyoka na vyura na wale wakubwa wa chini ya maji wamesinzia, maana wenyewe wamo ndani ya hadithi, na hakuna anayependa kusengenywa akiwa macho. Watu walipoisikia Julai, wengine waliugua kwa hasira. Familia mbili zilikuja ofisini zikachukua sauti za wazee wao zikaenda nazo, na zilizobaki zikasema: ikitoka hata moja tena, tunakuja wote, na sanduku lako utaliwekea viatu. Delphine akaapa mbele yao.

Ndipo Wendell akatengeneza kufuli. Kusikiliza, mtu atasikiliza pale pale ofisini, na majira ya baridi tu. Akitaka kunakili, lazima vitu viwili vikutane kwa pamoja: neno la siri la Delphine, na kifunguo kidogo cha chuma cha kuchomeka kwenye kompyuta, ambacho Mama Mdogo Philomene alikivaa shingoni pamoja na rozari. Atakayepitia mlango wa nyuma akafanikiwa, atafika kwake na mchakacho tu, kama mafuta ya kukaangia. Na akijaribu tu, jina lake litawaka kwenye kila meza.

"Ni mama," Delphine akasema mwishowe.

Supu ya Wendell ilikuwa inapoa. Alikuwa ameacha kucheka.

Rosella, mama yake Delphine, alikuwa amelazwa hospitali ya mjini, mapafu yake yamechoka, na madaktari siku hizi walisema naye maneno mafupi. Jumapili alikuwa amemshika binti yake mkono wa sweta akamwambia, "Nataka kumsikia mama." Akapumua kwanza. "Theluji itanikuta sipo."

Na ilikuwa Septemba. Majani ya mibetula, ile miti ya magome meupe, ndiyo kwanza yanaanza njano.

"Ni mama yako, najua," Mama Mdogo akasema. "Ni dada yangu mimi. Na huyo aliyemo stooni ni mama yetu sisi wawili. Wewe ni mjukuu tu. Unadhani mimi sitamani?"

"Basi nipe ufunguo."

"Nipe?" Mama Mdogo akalionja lile neno kama chumvi iliyozidi. "Yule mgeni wako naye labda alikuwa na mama mgonjwa. Kila anayechukua ana mgonjwa nyumbani, Delphine. Hujamwona asiye na sababu."

Akaingiza kifunguo ndani ya blauzi, akachukua mkoba, akaenda zake kwenye bingo.

Kesho yake asubuhi Delphine alifika akakuta gari la Wendell limeegeshwa kinyumenyume mbele ya ofisi, na chini ya ngazi kuna kilima cheupe kinachofika kiunoni. Wendell alikuwa amesimama pembeni na koleo, mashavu yamemwiva.

"Theluji," akasema.

Delphine akaitazama. Ilikuwa ile inayokwanguliwa na mashine yake uwanjani na kumwagwa nyuma ya jengo. Ilikuwa na rangi ya kijivu kidogo, na mstari wa bluu wa rangi ya uwanja.

"Wendell."

"Sheria inasema theluji ikiwa chini. Iko wapi hii? Juu? Iko chini."

Delphine alicheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine, ikabidi ageukie ziwa. Maji yalikuwa meusi na yametulia, na korongo walikuwa wanapita juu sana, kundi baada ya kundi, kelele zao zinafika chini zimepungua kama mlango wa mbali unaofunguliwa. Aliwaza kwamba wao wanajua saa ya kuondoka na hakuna wa kuwazuia.

Mama Mdogo Philomene akateremka kwenye gari la jirani. Alikizunguka kilima chote. Akachota kidogo kwa kidole, akanusa.

"Hii inanuka hoki."

"Ni theluji, Shangazi," Wendell akasema.

"Ni jasho la vijana lililogandishwa kwa umeme." Akainama kwa taabu, akaashiria kwa midomo chini ya ngazi. "Halafu muulize huyo kama amelala."

Pale kwenye kivuli, kando kabisa ya theluji, alikaa chura wa kahawia, koo linadunda. Alikuwa anawatazama wote watatu kwa makini sana.

Wendell akaegemea koleo. "Huyo nitamhamisha."

"Hamisha na wenzake. Ziwa zima." Kisha akamgeukia Delphine, na sauti yake ikashuka. "Jana uliniletea flashi. Leo huyu kaniletea jasho la hoki na chura. Kitu kimoja tu hamjaniletea."

Akapanda ngazi akaingia ndani, akimwacha Delphine ameutazama mlango. Kwenye mlango huo kulikuwa na tangazo, limeandikwa na Delphine mwenyewe kwa ajili ya wageni, kila herufi imepambwa: Unataka kuomba kitu kwa mzee? Leta tumbaku kwanza. Alikuwa akilipita kila asubuhi. Neno la siri alikuwa nalo, ufunguo wa mlango alikuwa nao, cheo alikuwa nacho, akasahau kwamba hata yeye lazima aombe.

Alikwenda kwenye gari lake akafungua kijidroo, akatoa kifuko. Ndani ya ofisi, Mama Mdogo alikuwa ameshakaa mbele ya skrini yake kama mtu asiyesubiri chochote. Delphine akapiga goti kando ya kiti, akamwekea tumbaku kiganjani.

"Mama Mdogo. Naomba. Mama anataka kumsikia mama yake, na mimi sijui nifanye nini."

Mkono wa mzee ukafumba. Friji ya ofisi ilinguruma, ikanyamaza.

"Hadithi siwezi kukupa," Mama Mdogo akasema. "Si mimi ninayeifungua, ni theluji. Ningeweza, ningemsikilizisha Rosella jana. Lakini siku ile aliporekodiwa, mama hakuanza na hadithi. Alisema kwanza. Alisema sana. Hayo si ya baridi wala ya joto, ni maneno ya jikoni tu."

"Hakuna maneno," Wendell akasema kutoka mlangoni, theluji inamyeyukia viatuni. "Mwanzo wa kanda ile ni kelele. Vyombo na mbwa. Niliruka nikaweka alama pale hadithi inapoanza."

Ilikuwa kweli kwamba Delphine, kila baridi alipomfungulia mtu sauti ya bibi, sauti ilianzia moja kwa moja kwenye hadithi. Hakujua kama kuna kitu nyuma yake.

"Ulisikia vyombo?" Mama Mdogo akauliza.

"Niliviona."

"Uliona kelele?"

Wendell akajikuna kisogo. "Kanda nilizihamishia kwenye kompyuta mwezi wa Juni, Shangazi. Ningesikilizaje mwezi wa Juni? Nilizima sauti, nikawa naangalia ile michoro tu, vilima na mabonde. Pale vilima vinapokaa kwa mpangilio nikajua ni hadithi. Pale vinapovurugika nikajua ni vyombo."

Mabega ya Mama Mdogo yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mheshimiwa fundi. Umemheshimu mama mpaka ukamzika."

Wakalifungua faili bila sauti, spika zimechomolewa kabisa ili kusitokee bahati mbaya. Mistari ikajitandaza kwenye skrini, kijani juu ya nyeusi, kutoka ukingo mpaka ukingo. Delphine alikuwa ameiona michoro ya namna hiyo mara nyingi na hakuwahi kuitazama. Sasa aliitazama. Kila kilima kilikuwa pumzi ya mwanamke aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Palipobonyea, alikuwa amenyamaza. Pengine alikuwa anatazama dirishani. Alikuwa hapo mbele yao waziwazi kama nyayo za mnyama kwenye matope. Delphine akagundua kwamba amesimama.

Mama Mdogo akasogeza uso karibu na kioo. Hakujua kompyuta zaidi ya kuwasha na kuzima, lakini siku ile ya kanda alikuwepo, mtoto mwenye mkate mkononi.

"Peleka mbele. Hapa patakuwa mbwa. Peleka. Hapa panapowaka sana ni Rosella kaangusha sufuria. Polepole." Akaashiria kwa midomo. "Simama."

Kwenye skrini kulikuwa na miti mitatu myembamba iliyosimama wima, imepangana, na kati yake hakuna kitu.

"Mama alikuwa na desturi ya kugonga kikombe kwa kijiko mara tatu, halafu ndiyo anaanza. Hiyo ndiyo milango. Huku upande huu ni jikoni. Ng'ambo ya pili ni theluji. Kata hapo, ukinipitishia hata pumzi moja nitakupiga na hilo koleo lako."

Wendell alikata kwa mkono ambao, siku nyingine, humwaga kahawa hata akiwa amekaa. Delphine akaandika neno lake la siri. Mama Mdogo akavua kifunguo shingoni, ikabidi kwanza akitenganishe na rozari, akakichomeka. Mashine zote nne zikawaka tena, safari hii kijani: DELPHINE NA PHILOMENE WANANAKILI. IMERUHUSIWA.

"Tusikie kwanza?" Wendell akauliza.

"Wa kwanza awe yeye," Mama Mdogo akasema, akaitia flashi ndani ya blauzi, mahali pa kifunguo.

Hospitali ilikuwa kwenye kilima juu ya ghuba, na dirisha la chumba cha Rosella lilikuwa wazi kidogo, maana alipenda harufu ya maji. Alikuwa amekuwa mdogo tangu Jumapili. Alipowaona wote watatu wanaingia kwa mstari, akainua nyusi.

"Nimeshakufa?" akauliza.

"Bado," Mama Mdogo akasema. "Ungekufa ningevaa viatu vizuri. Sogea."

Akaketi kitandani kabisa, kando ya dada yake. Delphine akaweka kompyuta ndogo juu ya blanketi. Wendell akabaki mlangoni, kofia mkononi.

Kwanza vikaja vyombo. Kijiko, sahani, mlango unaolia bawaba. Mbwa akabweka. Halafu, karibu sana, kana kwamba kuna mtu wa tano chumbani:

"Rosella. Mtoe mbwa nje. Rosella! Huyu mtoto masikio yake yako ziwani."

Mkono wa Rosella ulitoka chini ya blanketi ukashika mkono wa kwanza ulioukuta.

Sufuria ikaanguka. Mlango ukalia, ukafungwa. Sauti ikaendelea, nzito, haina haraka, ikimkaripia Philomene aache mkate kwani mwenye mashine ya kurekodi hajala, ikilalamika kwamba kahawa imekuwa maji ya kuoshea wavu. Mama Mdogo Philomene alikuwa anatazama mbele, machozi yanamshuka mpaka kidevuni na hayafuti. Delphine alisimama akiwa ameshika reli ya kitanda. Bibi huyu alimjua kwa hadithi kubwa tu, za wenye nguvu na za maji ya kwanza, na kumbe alikuwa mtu anayelalamikia kahawa. Hilo lilimtetemesha kuliko hadithi hizo zote.

"Katoka?" sauti ikauliza. "Haya. Nikwambie sasa, hayupo. Huyo mkubwa wangu, ninapohadithia, midomo yake inatembea na yangu. Anadhani simwoni. Haachi hata neno. Mimi nikiondoka hakuna kitakachopotea, kiko chote mle ndani yake. Philomene, wewe umesikia, usimwambie. Atavimba kichwa."

Kwenye kanda mtoto akacheka, kinywa kimejaa mkate.

Rosella akageuza shingo polepole kwenye mto, akamtazama mdogo wake.

"Ulijua?"

"Aliniambia nisikwambie," Mama Mdogo akasema. "Mimi nimefanya nini? Nimetii."

"Miaka yote hii."

"Ungevimba kichwa."

Mlango wa kwenye kanda ukalia tena, miguu ya mtoto ikaingia kwa kishindo. "Funga, baridi. Theluji imeshika? Vizuri. Kaa."

Kijiko kikagonga kikombe. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kisha hakuna kitu, maana Wendell alikuwa amekata sawasawa.

Delphine aliogopa ukimya huo; alikuwa amehofia njia nzima kwamba utamwumiza mama kuliko kutosikia kabisa. Akanyoosha mkono kufunga kompyuta. Mama Mdogo akamshika.

Rosella alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa inatembea. Haikutoa sauti hata kidogo. Ilitembea kwa mpangilio, bila kukimbia, ikipumzika pale pumzi inapokwisha, kisha ikiendelea. Delphine alikuwa ameisikiliza hadithi ile kila baridi, akaijua kwa mapito yake, na sasa aliiona ikipita mbele yake: pale wanapofika kwenye maji, pale yule mkubwa anapoamka, pale inapobidi kunyamaza kidogo. Mama hakuruka neno. Nesi aliingia na sinia, akawatazama, akatoka bila kugongesha kitu.

Wendell mlangoni alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani. Na Delphine, bila kukusudia, akasikia midomo yake mwenyewe imeanza kutembea.

Mama Mdogo Philomene alimwona. Aliinuka, akaenda dirishani kwa ncha za vidole, akatazama chini ghubani kwenye majani ya maji wanamokaa vyura, kisha akalivuta dirisha taratibu mpaka likafunga.